Kiti cha Twiga

Kampuni ile ilifua mashuka ya watu wengine. Mashuka ya hospitali, ya nyumba za wageni, taulo za saluni, na mapazia ya ofisi ambazo hazikumbuki kuwa zina mapazia mpaka mgeni mkubwa atangazwe. Asubuhi magari yanatoka na mizigo myeupe, jioni yanarudi na michafu, na katikati hapo hakuna anayekaa. Ukutani kando ya geti ziliandikwa kanuni za magari kwa rangi nyekundu, na aliyeziandika hakubania rangi, maana hata aliyekuwa ng'ambo ya barabara angeweza kuzisoma. Zunguka gari kabla ya kupanda. Rekebisha kiti na vioo kwa kimo chako. Funga mkanda. Usimbebe mtu asiyetumwa na kampuni. Ukirudi nyuma na huoni, shuka uangalie.

Aliyezilinda kanuni hizo alikuwa afisa wa usalama, mama mmoja mkavu wa maneno, ambaye madereva walimbandika jina la Bi Mkanda. Ukimwambia umefunga mkanda hakuamini. Alipenyeza mkono dirishani akauvuta mwenyewe, tena kwa nguvu, na wanaume wazima na ndevu zao walikaa kimya wakivutwa vifua bila kufungua mdomo. Ni dereva mmoja tu ambaye hakuwahi kuvutwa, na huyo alikuwa Twiga wa gari Namba Saba.

Twiga alikuwa mrefu wa kuchosha shingo za watu. Kuingia garini kwake kulikuwa shughuli: mguu kwanza, halafu mgongo, kichwa mwisho kabisa. Alizunguka gari lake kila asubuhi akilipapasa kwa kiganja, na kanuni zile za ukutani alizishika kuliko walioziandika. Moyo ndio uliomwangusha, tena siku ya mapumziko, nyumbani kwake, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Namba Saba likabaki limeegeshwa bandani, na Fundi Grisi, rafiki yake wa siku nyingi, akawa analiwasha mara mojamoja ili betri isife. Alisimama nje, akaingiza mkono tu kuzungusha ufunguo. Hakukalia kile kiti, na wala hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Twiga alikuwa na binti, naye alifanya kazi palepale, kwenye chumba cha kukunjia. Kimo alikichukua kwa mama yake, yaani hakukichukua kabisa. "Twiga kazaa sungura," walimtania wenzake, naye alicheka nao, kwa sababu baba yake mwenyewe ndiye aliyeanzisha utani huo. Ni baba huyohuyo aliyempeleka kusomea udereva. "Jifunze, mwanangu," alimwambia. "Siku moja utanipumzisha."

Nafasi ya dereva wa Namba Saba ilipotangazwa, binti alifika ofisini kabla tangazo halijakauka gundi. Watu wakasema mtoto ana uchu wa usukani. Mimi nasema usukani hauna utamu wa kumtoa mtu mbio kiasi kile. Alichokifuata ni kiti.

Tangu utotoni alikitamani. Siyo hicho cha dereva, kile cha pembeni yake. Shule yake ilikuwa kwenye njia ya Namba Saba, na mara nyingi baba yake alimpita akitembea juani na mkoba mgongoni, gari tupu, kiti cha pembeni kitupu, na hakusimama. Aliinua vidole viwili juu ya usukani kumsalimia, kisha gari likapotea kwenye kona. Jioni mtoto alimlilia: "Baba, siku moja tu! Nitainama, hawataniona."

"Gari si letu," alijibu, akimvua viatu vilivyojaa vumbi. "Ukikua watakuajiri, utakaa mwenyewe, na hakuna atakayekuuliza."

Basi amekua, wamemwajiri, na asiyekuwepo sasa ni yule aliyepaswa kukaa naye.

Siku ya kwanza alipofungua mlango wa Namba Saba, aliomba wenzake wamwache kidogo. Akapanda, akazama. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho wa reli zake, na sponji yake ilikuwa imebonyea kwa upana wa mwili mwingine. Miguu yake ilinyooka yote na bado vidole tu ndivyo vilivyogusa pedali. Alijiona kama amevaa shati la baba yake. Alikaa pale, mikono juu ya usukani, akavuta pumzi, akasikia harufu ya sabuni na ya mpira uliopigwa na jua, akalia mpaka kola ikalowa.

Kisha akapeleka mkono chini ya kiti, kwenye kile chuma cha kuvutia. Akakishika, akakiachia.

Unajua, nyumbani kila kitu kilishaondoka. Mashati yaligawiwa kwa ndugu, viatu vilikwenda na baba mkubwa, na ile alama ya mafuta ya nywele kwenye ukuta wa sebule, pale Twiga alipozoea kuegemeza kichwa akisikiliza redio, Mama aliipaka chokaa hata arobaini haijafika. Binti alirudi kutoka kazini siku hiyo akakuta ukuta mweupe, akaenda chumbani kwake bila kula. Sasa duniani pote palikuwa pamebaki mahali pamoja tu palipojua urefu wa miguu ya baba yake. Akivuta kile chuma, kiti kitateleza mbele, na urefu ule hautakuwepo tena popote. Ataurudisha vipi? Kwa kukisia?

Hakukivuta. Alikwenda kwenye chumba chake cha zamani, akaomba mashuka chakavu yanayosubiri kuchanwa matambara, akayakunja kwa mkunjo wa hospitali, ule mkali wa pembe nne, mpaka akapata mto mgumu. Akauweka nyuma ya mgongo wake na kuufunika kwa koti la kazi. Kwa mto huo aliweza kukanyaga pedali, ingawa kwa ncha za vidole, visigino vikiwa vinaelea. Bi Mkanda alikuwa amempa mtihani wa udereva kwenye gari jingine, akafaulu vizuri tu. Asubuhi, pale getini, alimvuta mkanda kama kawaida, akaona koti, akasema, "Haya, nenda."

Vioo pia hakuvigusa. Kile cha ndani kilimwonyesha dari ya gari: kitambaa cha kijivu, taa ndogo, na doa la maji ambalo baada ya siku chache alilizoea. Vioo vya pembeni vilimwonyesha mawingu na mapaa ya nyumba. Ili aione barabara ya nyuma ilimbidi anyooshe shingo, ajiinue kwenye kiti, wakati mwingine atoe kichwa dirishani. Hakujali. Alijiambia kwamba hicho ndicho baba yake alichokuwa akikiona, na kwenye foleni ndefu alilitazama lile doa akalisemesha polepole. "Leo kuna jua, Baba. Wameziba lile shimo la njia panda. Grisi anakusalimia." Hapo ndipo alipokuwa na raha. Nyumbani alikuwa anakula na kulala tu, akingoja kuche arudi kwenye kile kiti.

Mimi simlaumu sana. Lakini barabara haina habari na msiba wa mtu.

Hospitali ya mjini ina mlango wa nyuma wa kupokelea mashuka, na gari huingia kinyumenyume kwenye kichochoro chembamba. Siku hiyo alikuwa na mzigo mkubwa, na gari jingine lilikuwa nyuma yake likipiga honi. Alijiinua, akanyoosha shingo, akaona sehemu ya ukuta, akaridhika. Kanuni ilisema shuka uangalie. Hakushuka. Alitia gia ya nyuma, akaachia klachi.

Ndipo mama mmoja mfanya usafi alipotoka mlangoni akisukuma toroli la mashuka machafu.

Binti alisikia ukelele kabla hajaona kitu. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, na kwa nguvu hizohizo mgongo wake ukasukuma ule mto, mto ukachomoka pembeni, naye akazama nyuma kwenye bonde la kiti cha baba yake. Vidole vikateleza kwenye breki. Gari likaendelea kurudi. Alijiburuta mbele akiwa ameshika usukani, akaipata breki kwa mara ya pili, na gari likasimama, lakini toroli lilikuwa limeshabanwa ukutani likajikunja kama kopo. Yule mama alikuwa ameruka. Ameangukia rundo la mashuka, kiwiko kinatoka damu, kilemba kimemfunika jicho moja.

Binti alishuka, akapiga magoti. "Mama, nisamehe! Umeumia wapi? Nisamehe, mama yangu."

"Kwani hukuniona?"

"Sikukuona."

Yule mama alikirekebisha kilemba, akalitazama gari, kioo kimoja baada ya kingine. "Sasa vioo vyote hivi ni vya nini?"



Bi Mkanda alifika akiwa ameketi nyuma ya pikipiki, mkanda wa kofia ngumu umebana kidevu. Alianza na majeruhi, akahakikisha amefungwa bandeji na kupewa soda. Kisha akaufungua mlango wa Namba Saba. Aliinua koti. Akautoa ule mto wa mashuka, akaugeuza mikononi, na mkunjo ule aliutambua, maana hakuna chumba cha kampuni asichokipita. Akapanda, akakaa, akazama yeye pia, akanyoosha mguu kuelekea breki, ukafika nusu. Alikaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua kiti.

"Kiti hiki hakijaguswa," alisema.

"Hapana, Bi."

"Tangu yeye?"

"Tangu yeye."

Binti alingoja makelele. Hayakuja. Bi Mkanda aliteremka, akafuta mikono kwenye sketi yake. "Na mimi nilikwenda kumzika," alisema. "Nililia kama watu wengine, hukuniona tu. Lakini nikuulize, binti. Leo tungemzika huyu mama, wanawe tungewaambia nini? Kwamba tulikuwa tunamtunzia Twiga kiti?"

Binti aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye viatu.

"Kesho asubuhi utakaa mbele yangu kama kanuni inavyotaka," alisema Bi Mkanda. "Ukishindwa, unarudi kukunja na funguo nampa mwingine. Na huyo mwingine atakivuta hicho kiti kabla hajamaliza kusalimia watu. Gari leo ataliendesha Grisi." Fundi Grisi, aliyekuwa amefika na gari la kuvuta, alitikisa kichwa. Alisema atalivuta hivyohivyo kwa mnyororo, hana haraka ya kulikalia.

Jioni hiyo binti alifika nyumbani akamkuta Mama anachambua maharage ya kesho kwenye ungo. Alikaa chini karibu naye, akayasema yote, toroli, kiwiko, mto, mpaka la chokaa likamtoka. "Wewe ulifuta ukuta, Mama. Hata arobaini haikufika. Mimi kimebaki kile kiti tu, na kesho wananiambia nikivute."

Mama aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe moja dogo, akatafuta jingine.

"Njoo," alisema mwishowe. Akamshika mkono wakaingia chumbani kwake. "Mimi nalala wapi?"

Binti alitazama kitanda. Tangu akiwa mdogo alijua upande wa Mama ni wa ukutani, na upande wa Baba ni wa mlangoni, penye swichi ya taa. Mto uliobonyea ulikuwa wa mlangoni. Miwani ya Mama ilikuwa juu ya stuli ya mlangoni, na kanga yake imetundikwa kwenye msumari wa Baba.

"Nilihamia usiku ule wageni walipoondoka," alisema Mama. "Mwanzoni nilibaki kwangu, nikawa nanyoosha mkono namtafuta upande wa pili. Patupu, pa baridi. Nikaona nitakuja kuwa kichaa. Nikahamia kwake. Sasa nikigeuka, ninapokuta patupu ni kwangu mimi, na hapo sina wa kumtafuta. Yeye ninamlalia." Akamfuta binti uso kwa upindo wa kanga. "Ukuta niliupaka kwa sababu kila aliyeingia alikuwa anautazama ule kuliko kunitazama mimi. Ulidhani nimemchoka baba yako? Namtaka hata sasa hivi. Nasikia mlango wa jirani, naruka kwenda kupasha chakula."

Walikaa pale kitandani, upande wa Twiga, bega kwa bega, mpaka kigiza kikaingia na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Asubuhi Namba Saba lilikuwa uwanjani limeoshwa. Fundi Grisi alisimama kando na kipande cha chaki. "Mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "ukitaka nitakuwekea alama kwenye reli. Siku ukitaka kumkumbuka, unakirudisha palepale."

Binti aliitazama ile chaki. Aliitaka, jamani, usimwone hivyo. Mkono wake ulishaanza kuinuka. Kisha akakikumbuka kiwiko cha yule mama, na akajijua kwamba alama ikiwepo atakirudisha, leo kwenye foleni, kesho kwenye kichochoro. "Acha tu, Baba mdogo," alisema. Grisi akaitia chaki mfukoni, akageuka kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Binti akalizunguka gari akilipapasa kwa kiganja, kama alivyoona likizungukwa tangu zamani. Akapanda. Bi Mkanda akapanda upande wa pili, kwenye kile kiti ambacho mtoto mmoja wa shule alikililia miaka yote ile, akaweka mkoba mapajani.

"Tunaanza na kioo," alisema. "Unaona nini?"

"Dari. Na taa. Na lile doa." Akasita. "Naona alichokuwa anakiona Baba."

"Nani kakudanganya?" Bi Mkanda aliinua kiganja chake juu, karibu kabisa na dari. "Macho ya baba yako yalikuwa huku. Kwa aliyekaa huku, kioo hicho kinaonyesha dirisha la nyuma na barabara yote. Hilo doa wala hakulijua. Dari umeipata wewe, kwa ufupi wako. Ukitaka kuona alichokuwa anakiona yeye, kiinamishe kioo."

Binti aligeuka akamtazama, akidhani ni maneno ya kubembeleza. Lakini Bi Mkanda hakuwa mtu wa kubembeleza, naye alikuwa tayari anatazama mbele akingoja.

"Kiti kwanza," alisema binti.

Akapeleka mkono chini, akakishika kile chuma. Akafumba macho. Akavuta. Kiti kiligoma kidogo, kimekaa sana mahali pamoja, kisha kikaachia kwa mshindo, kikateleza naye mbele. Alisikia kikifunga kwenye tundu jipya, na sauti ikamtoka ambayo hakujua kama anayo, akaukumbatia usukani.  Bi Mkanda aliangalia saa yake, ambayo ilikuwa imesimama siku nyingi na kila mtu pale kazini alijua.

Baadaye akainua uso, akakiinamisha kioo. Dari ikaondoka, doa likaondoka, na dirisha la nyuma likaja lote, na nyuma yake uwanja, geti limefunguliwa, na barabara. Watoto wa shule walikuwa wanapita na mikoba yao. Walionekana vizuri mmoja mmoja, kisha wakawa wadogo, kisha wakafika kwenye kona, na kioo kikawashika mpaka wa mwisho wao alipopotea. Hapo ndipo alipojua kwamba zile siku zote, gari lilipompita, halikuwa limemwacha mara moja. Alitazamwa mpaka konani.

"Funga mkanda," alisema Bi Mkanda.

Akafunga. Akashusha miguu ili awashe. Na visigino vyake, ambavyo katika gari hili havikuwahi kugusa chini, vikagusa. Cha kulia kilishuka mbele ya pedali, kwenye zulia la mpira, kikatumbukia. Palikuwa na shimo. Kisigino cha Twiga kilikuwa kimelila lile zulia safari baada ya safari, likachimbika kibakuli laini, mahali pale ambapo mguu wa dereva yeyote ungetua, awe mrefu awe mfupi, mradi amekaa kama inavyotakiwa. Alikigeuzageuza kisigino mle ndani, taratibu. Kilienea.

Bi Mkanda alinyoosha mkono kuuvuta mkanda wake, kama anavyomvuta kila mtu. Akamtazama usoni, akaurudisha mkono mapajani bila kuuvuta.

"Umekaa vizuri?" aliuliza.

"Nimekaa," alisema binti wa Twiga, akawasha gari.